Kabla ya kutoza faini, lipimeni shimo la 3

Swali: Mwalimu, shikamoo. Niko kwenye kamati ya uwanja ya klabu yetu ya gofu huku nyanda za juu, uwanja wa mashimo 18. Jumamosi tunaanza saa moja kamili asubuhi, watu wannewanne, kundi baada ya kundi kila dakika 8. Makundi ya mwanzo yanatumia saa 4 na robo kumaliza raundi. Wanaoanza mnamo saa nne asubuhi wanatumia saa 5 na nusu, na baadhi ya wa mchana wanaingiliwa na giza. Kamati inataka kuwatoza faini wanaochelewesha wenzao, na wanaonyooshewa kidole ni wachezaji wapya. Wakati huohuo kuna mfadhili amejitolea kuchimba bwawa mbele ya grini (zulia la nyasi fupi lenye tundu na bendera) ya shimo la 3, pari 3 (shimo ambalo mchezaji mahiri hulimaliza kwa mikwaju mitatu) ya yadi 160, ili uwanja upendeze. Mimi bwawa linanitia wasiwasi ila sina hoja ya kuipa kamati. Je, ni kweli umbo la uwanja linaweza kurefusha raundi, au ni watu tu?

Jibu:

Marahaba, ndugu yangu. Hoja unayoitafuta umeshaiandika mwenyewe: wa mwanzo saa 4 na robo, wa saa nne asubuhi saa 5 na nusu. Tatizo lingekuwa watu wazito, muda ungepanda na kushuka ovyo siku nzima. Kundi zito likitoka saa moja wangeteseka wa saa moja, likitoka saa tano wangeteseka wa saa tano. Kwenu muda unapanda ngazi kwa ngazi, kila kundi likichelewa kidogo kuliko lililolitangulia. Hiyo ni foleni, na foleni ya namna hiyo ina chanzo kimoja: kuna mahali uwanjani panapopitisha makundi polepole kuliko mnavyoyaachia kwenye shimo la 1. Hata kabla sijafika kwenu, mimi nalishuku shimo la 3.

Fikiria pantoni ya Kigamboni. Magari yakija mengi kuliko pantoni inavyovusha, aliyefika saa nne atasubiri kuliko aliyefika saa moja, hata kama madereva wote ni hodari. Kumpigia honi aliye mbele yako hakuleti pantoni ya pili. Faini mnazotaka kuzitoza, kwa hali mliyo nayo, ni honi hizo.

Sasa tuingie uwanjani. Kila shimo lina idadi ya makundi linayoweza kuyabeba kwa wakati mmoja. Pari 5 ya kawaida hubeba matatu: moja kwenye grini, moja kwenye feawei, yaani njia ya nyasi fupi ya katikati, moja kwenye tii, pale pa kupigia mkwaju wa kwanza. Pari 4 hubeba mawili. Pari 3 hubeba moja tu, kwa sababu waliosimama kwenye tii hawawezi kupiga mpaka wa mbele watoke kwenye grini. Wakipiga wataumiza mtu. Kwa hiyo shimo fupi kuliko yote ndilo mlango mwembamba kuliko yote. Wengi hawaliamini hili, maana mtu anaziona yadi 160 anasema, hapa ni dakika tano tumeshaondoka.

Dakika tano? Jumamosi ijayo chukua kiti ukae nyuma ya tii ya shimo la 3, saa mkononi. Anza kuhesabu pale kundi linapopata ruhusa ya kupiga, simamisha pale kundi linalofuata linapopata ruhusa hiyohiyo. Yule wa kwanza ataokota majani mawili ayarushe juu kupima upepo, atamuuliza kedi wake, mbeba mfuko, kama ni fimbo ya sita au ya saba, atapiga. Sheria za gofu zilizoanza kutumika mwaka 2019 zinapendekeza mkwaju mmoja usizidi sekunde 40. Wote wanne wakizitumia sekunde zao, dakika 2 na sekunde 40 zimekwenda. Kutembea yadi 160, yaani mita 146, ni dakika mbili. Wawili wamekosa grini, na mmoja wao yumo kwenye banka, mtego wa mchanga. Atapiga, atatoka, atachukua reki asawazishe mchanga, na hizo ni dakika mbili nyingine. Kisha kuputi, yaani kuubiringisha mpira mpaka tunduni. Watu wanne, kila mmoja mara mbili, huyu anachuchumaa kusoma mteremko, yule anaweka alama na kuuinua mpira wake ili usimzuie mwenzake: dakika nne. Bendera irudi, watu watoke, nusu dakika. Jumla ni dakika 11 na ushee, na hapo hakuna aliyezembea.

Nyinyi mnaachia kundi kila dakika 8, mlango unapitisha kila dakika 11. Basi kila kundi linasubiri dakika 3 zaidi ya lililo mbele yake. Anayeanza baada tu ya saa nne asubuhi ametanguliwa na makundi 23. Zidisha kwa 3, unapata dakika 69. Ziongeze kwenye saa 4 na robo, zinakuwa saa 5 na dakika 24. Hizo ndizo saa zenu 5 na nusu, na sijamtaja mchezaji mpya hata mmoja.

Najua kamati itakavyojibu ukiwaambia waachie kila dakika 11. Watasema tutapoteza wachezaji, na mapato ya Jumamosi ndiyo yanayolipa mishahara ya wakata nyasi. Hapo waombe wakae na kalamu. Huku karibu na Ikweta giza halingoji mtu: iwe Juni iwe Desemba, ikifika saa kumi na mbili na nusu jioni mchezo umekwisha. Scotland mwezi Juni mpira unaonekana mpaka mnamo saa nne usiku, kwa hiyo klabu ya kule inaweza kuvumilia ratiba mbovu. Sisi hatuna anasa hiyo. Kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa kumi na mbili na nusu jioni kuna dakika 690. Toa 255 za raundi moja isiyo na kusubiri, zinabaki 435. Kila kundi linalofuata linazila dakika 11 katika hizo, ama zote 11 likiwa bado klabuni, ama 8 klabuni na 3 limesimama kwenye tii ya shimo la 3. Gawanya, halafu ongeza lile kundi la kwanza: makundi yatakayomaliza kabla ya giza ni 40. Mkiachia kila dakika 8 ni 40. Mkiachia kila dakika 11 ni 40 vilevile. Kinachobadilika ni mtu anasubiria wapi, amekaa na chai yake klabuni au amesimama juani ameegemea mfuko wa fimbo huku akimlaani wa mbele.

Lakini dakika 11 si amri ya Mungu. Mkizishusha ziwe 9, hesabu ileile inatoa makundi 49. Njia ya haraka mnaijua ila hamuitumii: kuwaita wa nyuma. Wote wanne wakishafika kwenye grini wanaweka alama mipira yao, wanasogea pembeni, wanawapungia mkono walioko kwenye tii wapige. Wale wakishapiga, wa mbele wanaendelea kuputi wakati wa nyuma wanatembea. Kutembea na kuputi kunaenda pamoja, na zile dakika mbili za njiani zinaondoka kwenye hesabu. Watu hupinga wakisema kusimama kuwapisha wengine ni kupoteza muda. Kwa kundi lile moja, kwa dakika zile mbili tatu, ni kweli. Kwa uwanja mzima wanakosea. Ila lifanyeni kuwa kanuni ya kila Jumamosi, limeandikwa kwenye ubao wa tii, msiwaachie watu waamue kwa hisani. Na mkilifungua shimo la 3, pimeni pari 3 nyingine zote, maana mlango mwembamba wa pili utajitokeza palepale. Msije mkasherehekea mapema.

Kuna jambo hapa wachoraji wa viwanja hubishana. Shimo zito hulipunguza kasi kundi kwa kiasi kilekile, liwe la 3 au la 16. Lakini likiwa la 3 foleni yake haina pa kwenda. Ndani ya saa moja imeshalijaza shimo la 2 na imerudi mpaka tii ya shimo la 1, na ratiba ya asubuhi yote imesogea. Ndiyo maana wachoraji wengi hupenda kuanza na mashimo mawili matatu mapana, pari 4 na pari 5 zisizo na mitego mingi, makundi yatawanyike kwanza. Nyinyi mmerithi uwanja wenye pari 3 kwenye shimo la 3. Hamtauhamisha. Mnachoweza ni kutolifanya kuwa gumu zaidi, na hapa ndipo bwawa linapoingia.

Bwawa lenyewe si adui. Ukinilazimisha kuchagua kati ya maji na nyasi ndefu, kwa ajili ya kasi nitachagua maji. Mpira ukianguka majini kila mtu ameuona ukirusha maji. Hakuna kutafuta, mchezaji anapokea adhabu yake, anadondosha mwingine, anaendelea. Shida ni pale maji yanapokaa mbele ya grini, kwa sababu hapo kila mmoja analazimishwa kuuvusha mpira hewani, awe fundi wa handikapu 4 (handikapu ni mikwaju ya ziada anayopewa mchezaji, dhaifu hupewa mingi) au mzee wa handikapu 28 ambaye miaka yote amezoea kuubiringisha mpira mpaka grini. Katika watu wanne wa Jumamosi, wawili wataingia majini. Kila mmoja atasimama, atashauriana na kedi, atapiga tena, kwa haki kabisa, na dakika 2 zimeongezeka. Dakika 11 zinakuwa 13. Irudie ile hesabu: makundi yanayomaliza kabla ya giza yanashuka kutoka 40 hadi 34. Kama Jumamosi zenu zinajaa kutwa kama ninavyoelewa, mfadhili anawapa bwawa na anawanyang'anya wachezaji 24.

Utasikia kamati wakikutajia shimo la 17 la TPC Sawgrass kule Florida, lile lenye grini kama kisiwa, yadi 137, ambalo kila mpenzi wa gofu ameliona kwenye televisheni. Ni zuri, sikatai. Lakini halikuzaliwa kutokana na mtu kupanga kupamba uwanja. Pete Dye alipokuwa akiujenga uwanja ule, uliofunguliwa mwaka 1980, wajenzi walichimba mchanga mzuri wa eneo hilo wakautumia sehemu nyingine, likabaki shimo kubwa, na mkewe Alice Dye, naye mchoraji wa viwanja, ndiye aliyependekeza liachwe lijae maji na grini ibaki katikati. Tena ni la 17, si la 3, na lina eneo maalumu la kudondoshea mpira ili mtu asirudi kupambana na maji kutoka kwenye tii mpaka mipira imwishie. Watu wanasafiri kutoka mbali kwenda kulicheza mara moja katika maisha na wako tayari kusubiri. Mwanachama wenu atalicheza lenu kila Jumamosi.

Kama bado kuna anayeamini kwamba ni wachezaji dhaifu tu wanaojaza uwanja, mpeleke St Andrews, Old Course, tarehe 14 Julai 2022, siku ya kwanza ya mashindano ya 150 ya The Open, ubingwa mkongwe wa gofu wa Uingereza. Waliokuwapo ni wachezaji bora wa dunia, na bado raundi zilipita saa 6; ya Tiger Woods ilikuwa mojawapo. Uwanja ndio uliowafunga. Kwanza, ardhi ilikuwa kavu na ngumu, na wapigaji wa siku hizi wanaweza kufikisha mpira kwenye grini kwa mkwaju mmoja katika pari 4 kama ya 9, ya 10, ya 12 na ya 18. Pari 4 inayofikika kwa mkwaju mmoja inageuka kuwa pari 3: walioko kwenye tii hawapigi mpaka grini iwe tupu, na shimo lililokuwa likibeba makundi mawili sasa linabeba moja. Pili, Old Course ina grini saba zinazotumiwa na mashimo mawili kila moja. La 2 na la 16, la 3 na la 15, hivyohivyo, kila jozi ukiijumlisha unapata 18. La 7 na la 11 hayashirikiani grini tu, njia zake zinakatana. Anayepiga kutoka tii ya 11, pari 3, anapiga kuelekea mahali ambapo wa shimo la 7 wanapita. Mmoja lazima asimame. Kwa watalii wa siku za kawaida wasimamizi hulipanga hilo vizuri, lakini siku ya wachezaji 156 waliotoka watatuwatatu, hakuna aliyeweza kukwepa.

Na uwanja uleule una mambo mawili ambayo ningependa kila klabu iyaige. Feawei zake ni pana kupita kiasi. Na tii ya shimo linalofuata iko hatua chache kutoka grini unayotoka. Hilo la pili ni urithi wa zamani sana: kanuni za kwanza za gofu zilizoandikwa, zile 13 za Leith za mwaka 1744, zilianza kwa kuagiza kwamba mpira uwekwe kwa kuanzia ndani ya urefu wa fimbo moja kutoka kwenye shimo ulilomaliza. Siku hizi viwanja vingi vinajengwa ili kuuza nyumba zilizovizunguka, na kutoka grini moja hadi tii ya pili mtu anakatiza mitaa miwili ya majumba. Zidisha matembezi ya dakika tatu kwa 17. Wanasema dawa ni vigari, kisha mvua ikinyesha vigari vinaamriwa visitoke barabarani, na mchezaji anakwenda kwenye mpira wake mwishoni mwa feawei na fimbo moja, anakuta siyo, anarudi kuchukua nyingine. Nyinyi mnatembea na makedi. Msiitamani hali ya wenye vigari.

Sasa nyasi, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nadhani ndipo mnapopoteza muda wa pili kwa ukubwa baada ya shimo la 3. Huko nyanda za juu rafu yenu, yaani nyasi ndefu za pembeni mwa feawei, bila shaka ni nyasi za kikuyu. Asili yake ni hukuhuku kwetu, zikasafirishwa mpaka California, na uwanja wa Riviera, Los Angeles, unajulikana kwazo. Zina shina nene linalotambaa, zinajisuka kama mkeka, na mpira ukianguka hauketi juu, unazama. Mtu anaweza kuupita kwa hatua mbili asiuone. Tangu 2019 muda wa kutafuta ni dakika 3, zamani ulikuwa 5. Hata hivyo dakika 3 za watu wanne na makedi wanne wakipiga-piga majani kwa fimbo, halafu mpira haupatikani na mwenyewe anarudi nyuma yadi 200 kupiga upya kwa adhabu kwa sababu hakupiga mpira wa akiba, zinakula dakika kumi za kila aliye nyuma.

Alister MacKenzie, daktari aliyegeuka mchoraji wa viwanja na baadaye akauchora uwanja wa Augusta National pamoja na bingwa Bobby Jones, aliliweka hili kati ya kanuni zake mwaka 1920: uwanja mzuri hauwapi watu kero ya kutafuta mipira. Miaka zaidi ya mia imepita na bado kuna kamati zinazoamini kwamba rafu inayofika kwenye vifundo vya miguu ndiyo heshima ya klabu. Heshima gani? Fundi wa kweli inamsumbua mara mbili kwa raundi. Mwenye handikapu 24 anaishi humo.

Kateni. Msikate uwanja mzima, gharama itawashinda. Kateni pale mipira inapoangukia. Wengi wetu hutumia mkono wa kulia, na mpigaji dhaifu wa mkono wa kulia mpira wake humponyoka kwenda kulia. Kwa hiyo kila kitu kinachoficha mpira upande wa kulia wa feawei, kati ya yadi 150 na 220 kutoka kwenye tii, kinawagharimu maradufu ya kilicho kushoto. Prestwick, Scotland, ulikochezwa Open ya kwanza mwaka 1860, shimo la 1 limepakana na reli upande wa kulia, na treni hainyanyuki kumpisha mtu. Ni kivutio, lakini asingelichora hivyo mtu anayepanga ratiba ya Jumamosi. Kama mna miti kulia, fyekeni chini yake na pogoeni matawi ya chini, mpira uonekane na upigike. Wapeni pia makedi kazi ya maana: mmoja wao atangulie akasimame mbele kwenye mashimo yenye kilima, aone mpira unapoangukia. Nchi nyingi zenye gofu hawana makedi tena. Sisi tunao, kisha tunawaweka wote wanne nyuma ya tii.

Kwenye sheria za uwanja, mnaruhusiwa kuweka kanuni ya ndani iliyokuja na mabadiliko ya 2019: mpira ukipotea au ukitoka nje ya mipaka, mchezaji halazimiki kurudi alikopigia, anadondosha mwingine karibu na feawei, sambamba na ulikopotelea au ulikotokea, kwa adhabu ya mikwaju miwili. Haikukusudiwa mashindano ya mafundi, lakini kwa Jumamosi yenu inafaa kabisa. Sioni sababu ya kamati kuikataa.

Urefu wa uwanja nao upo. Mwaka 2011 vyama vya Marekani, USGA na PGA of America, vilianza kuwahimiza watu wasogee tii za mbele, na wakatoa jedwali: ambaye mkwaju wake wa kwanza huenda yadi 200 acheze uwanja wa yadi 5,200 hadi 5,400, wa yadi 250, uwanja wa 6,200 hadi 6,400. Wanaume wa klabu zetu huona haya kusogea mbele, tii za mbele wanaziita za akina mama. Hilo halitibiki kwa jedwali. Ning'oeni zile alama za rangi mziweke kwa handikapu, na anayetaka tii za nyuma aonyeshe handikapu yake. Grini nazo, kwa kifupi: siku za umati toboeni shimo mahali tambarare katikati ya grini, msilitoboe kwenye mteremko wala nyuma ya banka. Ni kazi ya dakika chache ya mtunza uwanja asubuhi, na inapunguza kuputi mara tatu kwa kila mtu.

Nisionekane nawatetea wazembe. Wapo. Yuko anayesimulia hadithi mpaka zamu yake inafika ndipo anatafuta glovu, yuko anayepiga mikwaju mitano ya mazoezi. Kwa hao faini ni halali, lakini msimamizi awe na kipimo kimoja tu: aangalie mbele ya kundi. Kama kundi la mbele lao liko papo hapo, wanasubiri kama wengine wote, waachwe. Kama mbele yao shimo zima li tupu na nyuma yao kumejaa, hao ndio wenyewe, hata kama mmoja wao ni nahodha wa klabu. Mkitumia kipimo hicho, nadhani mtashangaa ni mara ngapi wachezaji wapya hawamo. Mtu mpya huogopa, huenda mbio. Wazito mara nyingi ni wenye handikapu ndogo wenye imani kwamba kila puti ni ya ubingwa. Na katika mchezo wa kawaida wa Jumamosi wa kuhesabu mikwaju tangazeni kwamba aliye tayari apige, asingoje aliye mbali zaidi na shimo. Sheria za sasa zinalihimiza hilo.

Kuhusu mfadhili, msimkatalie fedha. Maji mnayahitaji wakati wa kiangazi, na bwawa la kumwagilia ni kitu ambacho klabu nyingi zinakililia. Muombeni alichimbe upande wa kushoto wa pari 5, mbali na mstari wa mpira wa mtu dhaifu, mahali linapopokea maji ya mvua kwa mteremko wenyewe. Hapo litapendeza kwenye picha na pampu itafanya kazi. Nenda kwake na karatasi ya vipimo vyako vya shimo la 3, ukianza na ile hesabu ya makundi 40 na 34. Aking'ang'ania palepale na kamati ikamfuata, basi ombeni mambo mawili yaandikwe kwenye mkataba kabla tingatinga haijaingia: njia pana ya nyasi fupi upande mmoja wa maji ambayo mtu anaweza kuubiringishia mpira mpaka grini, na eneo la kudondoshea mpira lililo ng'ambo ya maji, upande wa grini.